Mpango wa Kumharibu Mbwa wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Leo mbwa amemrukia mwenye nyumba. Shati jeupe, nyayo mbili za tope kifuani, zimekaa sawasawa kama mihuri. Bwana mkubwa alikuwa njiani kwenda kikaoni.

Mbwa si wangu. Ni wa mama mkwe. Anaitwa Karani kwa sababu kila asubuhi hupita mlango hadi mlango kukagua wapangaji wa vyumba vyote sita, na asiyemfungulia hubwekewa mpaka afungue. Walikuja pamoja miezi minne iliyopita, baada ya baba mkwe kufariki: mama, sanduku moja, na mbwa. Wakapewa chumba cha mbele.

Niandike wazi, maana daftari hili halisomwi na mtu. Chumba cha mbele kilikuwa karakana yangu. Kina dirisha la barabarani. Wapita njia walikuwa wakiniona nimeinamia redio zao, chuma cha kulehemu mkononi, moshi mwembamba unapanda, na heshima ilikuwepo. Sasa meza yangu iko kibarazani kando ya jiko. Wiki iliyopita mteja alifungua spika yake akakuta maganda ya vitunguu.

Mwenye nyumba ametoa hukumu uani, mbele ya watu wote. Jumamosi ya tarehe kumi na tano, saa kumi jioni, atarudi. Atavaa shati jingine jeupe. Mbwa akimrukia, au akiitwa asije, atoke siku hiyohiyo.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kwamba Karani akitoka, naye anatoka. Atakwenda kwa mwanawe, yaani shemeji yangu, kule kwenye matanuri ya matofali.

Mke wangu akaanza kulia. Mimi nikashika tama, nikainamisha uso chini ili usionekane.

Chumba cha mbele!

Ni kweli kule kwa shemeji kuna moshi, na kifua cha mama mkwe si kizuri. Lakini nimesikia moshi wenyewe ni wa asubuhi tu. Na mchana kidogo.

Jumanne, 4 Juni

Mambo yameingia doa. Mke wangu ameamua kwamba mimi ndiye nitakayemfundisha mbwa. Nikasema sina ujuzi huo. Akasema mtu aliyeweza kuitoa sauti redio iliyolala siku mbili ndani ya ndoo ya maji atashindwaje kumnyamazisha mbwa mmoja. Mke wangu huniita Fundi akiwa na hasira, na mume wangu akiwa na haja. Leo ameniita mume wangu mara tatu kabla ya chai.

Nikaenda kukaa chooni nifikiri. Ndipo nilipoona mwanga. Anayeamua mwanafunzi afaulu au aanguke ni nani? Mwalimu. Nami nimepewa ualimu bila hata kuomba! Kazi yangu ni moja tu: katika siku kumi na moja nimharibu Karani kabisa, na nionekane nimejitahidi.

Tatizo: sijui mbwa hufundishwaje, kwa hiyo sijui huharibiwaje. Nahitaji mtaalamu. Bahati nzuri mtaalamu tunaye, chumba cha tano. Ni askari magereza mstaafu, wote tunamwita Afande. Ana mbwa wake, Nidhamu, aliyefungwa kwenye nguzo ya tangi la maji kwa mnyororo wa hatua mbili. Afande huzungumzia mbwa kama wengine wanavyozungumzia katiba.

Mpango ni mwepesi. Nitamwuliza Afande kanuni zote za mbwa. Kisha nitafanya kinyume, moja baada ya nyingine. Ukigeuza betri, redio haiongei.

Jumatano, 5 Juni

Somo la kwanza. Afande alinikaribisha kwa shangwe. Ananiita bwana mdogo, ingawa nina miaka arobaini na saba na magoti yanalia. Akasema mbwa akikurukia, mpige goti la kifua, mkaripie, na fimbo iwe karibu. Ukimwachia mara moja tu, kwisha habari yako.

Nikamshukuru. Nikaenda kumwachia.

Karani alinirukia getini. Sikupiga, sikukaripia, sikumtazama hata. Nilimpa mgongo, nikakunja mikono, nikaangalia ukuta. Akazunguka, akanirukia mbele. Nikageuka tena. Tumezunguka hivyo kama mara tisa, mama wa chumba cha pili ananiangalia na nguo zake mkononi, hajui aanike au aite watu. Mara ya kumi mbwa akachoka, akasimama chini kwa miguu yote minne, akanikodolea macho. Hapo nikainama nikamkuna shingo, ili ajue kwamba nimefurahia utovu wake wote wa adabu.

Mwanzo mzuri.

Alhamisi, 6 Juni

Somo la pili. Afande anasema usimlishe mbwa kwa mkono. Atakudharau. Chakula kiwe mara moja kwa siku, kitupwe chini, na umcheleweshe, umcheleweshe, umcheleweshe kidogo ajue nani mkubwa. Alirudia neno hilo kwa raha mpaka likamkwama mdomoni.

Nimechemsha mayai mawili. Nimeyakata vipande vidogo kama punje za mahindi, nimeviweka mfukoni. Halafu nikawaza: tabia gani mbaya nimlipe? Nikachagua uvivu. Kila nilipomwona Karani amekaa tu kwenye matako yake, hana kazi, nikampa kipande kwa mkono na kumsifia kwa sauti ya chini. Kutwa nzima. Akisimama, hapati. Akikaa kivivu, anapata.

Kufikia jioni alikuwa akiniona anakaa. Ananifuata hatua tano, anakaa. Nakwenda bombani, anakaa. Ni mvivu wa kutisha! Sikutegemea aoze upesi hivi.

Mke wangu ameuliza mayai yamekwenda wapi. Nikasema elimu haina bei ndogo. Hakucheka.

Ijumaa, 7 Juni

Somo la tatu: mnyororo. Afande anasema mbwa mzuri hafunguliwi mchana. Akifunguliwa anaona dunia, akiona dunia anakuwa na mawazo.

Basi nimempeleka akaone dunia. Kamba ndefu ya kuanikia, nimeifunga kwenye mkanda wake wa shingo, tukatoka saa kumi na mbili asubuhi na tena jioni. Sikumvuta. Kila alipotaka kunusa, nilisimama. Ananusa nguzo kama msomaji wa gazeti: kwanza kichwa cha habari, halafu ndani, halafu anarudi ukurasa wa mbele kuhakikisha. Barabara ya dakika kumi tumeitembea saa nzima. Miguu yangu imevimba. Mwenye duka la simu, mpinzani wangu wa siku nyingi katika mambo ya ufundi, amesimama mlangoni akaniuliza kama mbwa ndiye ananitembeza mimi. Nikajifanya sijasikia.

Tuliporudi, Karani alikunywa maji, akajilaza uvunguni mwa meza yangu, akalala mpaka mchana. Hakukagua vyumba. Hakumbwekea mtu. Mama wa chumba cha pili amekuja kuuliza kwa wasiwasi kama mbwa anaumwa.

Nami nimeliona hilo. Ari imemtoka. Ndivyo kuharibika kunavyoanza. Hata redio hutoa sauti safi sana dakika chache kabla ya kuungua.

Jumamosi, 8 Juni

Wazo kubwa! Nimpeleke Karani kwa daktari wa mifugo, nimweleze njia zangu zote bila kuficha, naye kama mtu aliyesoma aandike kwa mkono wake kwamba mbwa huyu hafai tena. Karatasi yenye muhuri. Mke wangu hawezi kubishana na muhuri.

Daktari ni binti mwenye miwani na kicheko cha haraka. Alianza na chanjo ya kichaa cha mbwa, halafu dawa ya minyoo, halafu akanigombeza kwamba mkanda wa shingo hauna namba ya simu. Kisha akashika sikio la kushoto la Karani. Karani akatoa mlio ambao sijawahi kumsikia akiutoa.

Daktari akachungulia kwa taa. Akasema sikio limeoza kwa ndani, na si la jana wala juzi. Mbwa anayeumwa hivyo, ukimshika kichwa ghafla, lazima ang'ake. Akauliza kama huwa anawabwekea watu wanaonyoosha mkono kumgusa. Nikasema ndiyo, karibu wote. Akanitazama juu ya miwani. Sikuona mahali pa kuangalia isipokuwa chati ya ng'ombe ukutani.

Nimepewa dawa ya matone, asubuhi na jioni. Mimi ndiye wa kumtia.

Hapo nikamweleza mambo yangu. Jinsi ninavyompa mgongo akinirukia. Mayai mkononi kwa kukaa bure. Kamba ndefu na kusoma nguzo. Nikasubiri anikaripie. Akaacha kuandika, akauliza: "Nani amekufundisha haya?"

Nikajibu kwamba ni jirani yangu, Afande, askari magereza mstaafu. Kwa namna fulani ni kweli.

"Msalimie sana huyo Afande," akasema. "Watu kama yeye ni wachache."

Hakuna karatasi. Hakuna muhuri. Ila amenipa mkono wa kwaheri kwa mikono miwili, jambo ambalo kwangu ni dhihaka. Vijana wa siku hizi wana dharau iliyopakwa sukari.

Jumapili, 9 Juni

Nimempelekea Afande salamu za daktari. Amevimba mpaka kifungo cha shati kikafunguka. Amesema alijua tu kwamba wasomi siku moja wangeshuka kumtambua. Kutwa amekuwa akimkaripia Nidhamu kwa sauti ya juu zaidi, nadhani ili kliniki isikie. Nidhamu amejikunyata nyuma ya tangi. Karani naye, ambaye hakutajwa, aliposikia ile sauti alikwenda kujificha nyuma ya beseni la mama wa chumba cha pili, akatoka baada ya nusu saa.

Nimeliandika hili pembeni. Sauti kubwa: inamkimbiza. Huenda ikanifaa.

Matone ya sikio ni kazi ngumu. Jana alikataa katakata. Leo nikamwonyesha chupa, nikampa yai. Nikaigusisha chupa kwenye sikio, yai. Tone moja, mayai mawili. Sasa chupa ikitoka anakuja mwenyewe kuinamisha kichwa. Ni mbwa wa rushwa sasa, hana uadilifu wowote.

Jumatatu, 10 Juni

Mvua. Transfoma ya mteja imepigwa manyunyu kibarazani, imekufa kabisa. Katika chumba cha mbele isingepigwa. Nimeitazama ile maiti ya transfoma nikapata nguvu mpya.

Afande alipita akanikuta nimechuchumaa namlisha Karani kwa kiganja. Alisimama kama mtu aliyekuta mwizi. Akasema: "Bwana mdogo, mbwa huyo utampoteza. Nimekwambia, ukimbembeleza, Jumamosi atakuaibisha mbele ya watu."

Nilitamani nimkumbatie. Ndilo neno la kwanza la kunitia moyo tangu mpango uanze.

Somo la nne nikalipata hapohapo. Mbwa aitwe mara moja, kwa amri. Akichelewa, akifika apigwe ili kesho awahi. Nikaitikia ndiyo Afande, ndiyo Afande. Alipoondoka nikaanza kinyume. Nimemwita Karani kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Alipochelewa nikasubiri. Alipofika, amechelewa wazi na bila aibu, nikampa yai zima na ngoma nzima ya sifa, nikampigapiga mbavu, nikamwambia yeye ni mbwa wa kupigiwa mfano. Huko ni kumzawadia uchelewaji waziwazi.

Mara ya sita hakuchelewa. Alikuja mbio akateleza kwenye matope akanigonga goti. Sijui kosa limetokea wapi.

Jumatano, 12 Juni

Jana sikuandika. Nilikuwa na kazi kubwa.

Afande anasema mbwa asipewe kitu na mgeni. Basi nimepita kwa wapangaji wote nikawagawia vipande vya yai kwenye vipakiti, nikawaomba kila anayeingia getini ampe Karani kimoja. Hesabu yangu: mbwa atajua kila aingiaye ni chakula, atawavamia wote kama nyuki, na Jumamosi mwenye nyumba ataingia kama sinia.

Lakini watu hawafuati maagizo kama yalivyo. Mama wa chumba cha pili anaogopa meno, kwa hiyo humpa tu akiwa amekaa. Wengine wakamwiga. Sasa geti likilia, Karani anakwenda hatua tatu ndani ya ua, anakaa, anasubiri. Mtu anaingia, anatoa kipande, anapita. Foleni ya kistaarabu kuliko ile ya kituo cha maji.

Leo asubuhi msoma mita ya umeme, ambaye tangu Machi alikuwa akiisoma mita yetu kwa kupanda ukuta wa nje, ameingia kwa geti. Akatoka anacheka. Mke wangu akaniita mume wangu, na hakuwa na haja yoyote.

Nina wasiwasi kidogo.

Alhamisi, 13 Juni

Mama mkwe ameniita. Huwa haniiti. Kwa miezi minne tumeishi kwa salamu na kupishana mlangoni, kila mtu anamwachia mwenzake njia.

Nilimkuta amekaa kitandani, anashona kitambaa laini kuzungushia mkanda wa Karani, maana daktari alisema ule wa zamani unamchubua. Karani amelala juu ya miguu yake. Redio ya baba mkwe iko dirishani, pale ilipokuwa meza yangu. Imekufa muda mrefu. Hajawahi kuniomba niitengeneze.

Akaniambia habari za miezi minane ya ugonjwa wa baba mkwe. Jinsi mbwa alivyokataa kutoka chumbani. Jinsi baada ya maziko watu walivyomshika mkono mmoja mmoja na kwenda zao, kwa sababu watu wana makwao, na haikuwa kosa lao. Usiku huo nyumba nzima ilikuwa na pumzi mbili tu, yake na ya huyu. Hakulia alipokuwa akisema. Alikuwa akitia uzi kwenye tundu la sindano, na haukuingia, nikamtilia.

Kisha akasema: "Mwanangu, nimekuwa nikikuangalia dirishani. Marehemu naye hakumpiga hata siku moja. Nilidhani mtu wa namna hiyo nimeshamzika."

Nikamwambia nina redio ya watu inasubiri.

Haikuwepo redio yoyote. Nimekaa kibarazani na chuma cha kulehemu baridi mkononi mpaka mke wangu akaja kupika akaniambia nimekalia kikapu cha nyanya.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepiga moyo konde. Mtu asiyumbishwe na uzi na sindano. Mama mkwe atastawi kule kwa mwanawe, kuna hewa. Ukiondoa moshi, kuna hewa.

Lakini ukweli niuseme hapa. Kuharibika kwa Karani kumejificha. Kuko ndani, kama waya uliokatika ndani ya mpira wake, huuoni kwa nje. Kesho lazima kujitokeze hadharani. Nimeandaa mambo mawili.

La kwanza, samaki. Nimenunua samaki wa kukaanga wawili. Kabla ya saa kumi nitawashika vizuri kwa viganja vyote viwili, kisha nitampokea mwenye nyumba getini kwa mkono wa heshima, na mkono mwingine nitamshika begani, kama ndugu. Atakuwa samaki anayetembea.

La pili, sauti. Nikiambiwa niite, nitaita kama Afande. Karani atakimbilia nyuma ya beseni, na mchezo umekwisha.

Nimelala mchana ili sauti ipumzike.

Jumamosi, 15 Juni

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa kumi kasoro dakika tano ua ulijaa. Wapangaji wote, hata wale wa zamu. Afande amevaa koti lake la kazi la zamani, amesimama kando ya tangi na Nidhamu. Mke wangu ameshika kitambaa cha meza, sijui kwa nini. Mama mkwe yuko mlangoni mwa chumba cha mbele, mkono kwenye mwimo wa mlango.

Mwenye nyumba akaingia. Shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Nikampokea kwa mikono yote miwili, nikamshika bega, nikamshika na lile la pili kwa usalama. Akanusa hewa kidogo.

Karani akainuka. Pua ikapanda juu. Akaja mbio! Nilihesabu hatua moyoni: sita, nne, mbili. Mtu mmoja nyuma yangu akasema yarabi.

Akakaa.

Alikaa karibu mno kiasi kwamba kifua chake kiligusa kiatu cha mwenye nyumba. Akainua uso, akamtazama, masikio yote mawili wima, kama karani anayesubiri sahihi. Mwenye nyumba akasogea kushoto. Karani akageukia kushoto bila kuinuka. Mwenye nyumba akasogea kulia. Vivyo hivyo. Mkia ulikuwa unafagia mchanga.

Mwenye nyumba akauliza kama mbwa amepewa dawa. Nikasema ya sikio tu.

Akasema basi aitwe. Nikaenda mwisho wa ua, kwenye kamba za nguo. Nikavuta pumzi. Nilijaza kifua mpaka mbavu zikauma. Sauti niliyoandaa ilikuwa ya kuvunja vioo, nakula yamini.

Nikainua macho nichague pa kuielekeza, nikamwona mama mkwe. Hakuwa anamtazama mbwa. Alikuwa ananitazama mimi. Nyuma yake, ndani, sanduku lake lilikuwa limefungwa kwa kamba, tayari, na ile redio iliyokufa juu yake. Alikuwa ameshafunga vitu vyake bila kumwambia mtu yeyote, na bado ananitazama vile.

Nikakohoa. Ni vumbi, ua wetu una vumbi hata baada ya mvua. Kilichotoka kilikuwa kisauti cha mtu anayeomba chumvi.

"Karani. Njoo."

Alikuja masikio yanapepea. Akaketi juu ya mguu wangu, wote, na uzito wake wote. Sikuwa na yai. Nikampa kipande cha samaki kilichobaki mfukoni.

Watu walipiga makofi. Afande akasema hiyo si kitu, ngoja muone mbwa wa kanuni. Akamfungua Nidhamu, akarudi hatua kumi, akatoa amri iliyofukuza njiwa kwenye paa. Nidhamu akaingia uvunguni mwa tangi. Afande akaita tena. Akapeleka fimbo uvunguni amtoe. Yakaonekana meno, na mngurumo ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwa sababu Nidhamu hakuwahi kuthubutu. Mwenye nyumba akarudi nyuma kwa haraka, akaingia miguu yote miwili ndani ya beseni la sabuni la mama wa chumba cha pili.

Shati halikuguswa. Viatu vilijaa.

Afande alisimama pale na fimbo yake. Kwa mara ya kwanza nikaona ni mzee. Akaniuliza kwa sauti ndogo, sauti ya mtu wa kawaida kabisa, kwa nini mbwa wake anamwogopa hivyo. Nikatazama tangi. Nami nilikuwa nimetumia kanuni zake mwenyewe, ila kinyumenyume.

Jumatatu, 17 Juni

Hesabu ya hasara.

Moja: Karani anabaki. Mama mkwe anabaki. Amefungua sanduku, na ameniletea redio ya marehemu niitazame. Imekatika waya mmoja tu. Dakika kumi. Sasa inaongea dirishani kutwa nzima na mimi naisikia kutoka jikoni.

Mbili: mwenye nyumba ameamua Nidhamu apewe mwezi mmoja, na mwalimu awe mimi. Afande mwenyewe amemleta asubuhi, bila fimbo, akaniita mwalimu. Sijapenda alivyosema. Nilizoea bwana mdogo.

Tatu: darasa linahitaji nafasi yenye mlango, na mama mkwe ameshatoa ruhusa. Litafanyika chumba cha mbele. Yeye atakuwa msaidizi. Kwa hiyo chumba changu sasa kina mama mkwe, mbwa wawili, na redio. Daktari wa mifugo amesikia, ameomba aje kutazama na kuleta mbwa wengine watatu.

Nne: meza yangu imesogezwa nyuma ya jiko, ili wenye mbwa wapate pa kusubiri.

Nimekaa nikatafuta kosa langu kwa utulivu, kama mtu anavyofuata waya toka mwanzo. Nimelipata. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ni mimi: nilimharibu Karani nusunusu. Jumanne ile mayai yaliisha mapema. Mara mbili nilichelewa kumtembeza. Siku kumi na moja hazitoshi kumharibu mbwa aliyelelewa vizuri na marehemu. Alikuwa na akiba.

Lakini Nidhamu! Nidhamu amekaa miaka minne katika kanuni halisi, mnyororo na fimbo, hana ulinzi wowote dhidi ya kubembelezwa. Na nina mwezi mzima. Hakuna kupigwa, hakuna kukaripiwa, matembezi mara mbili, kila nguzo isomwe mpaka ukurasa wa mwisho, chakula kwa mkono, sauti ya chini. Kufikia katikati ya Julai atakuwa ameoza kiasi kwamba mwenye nyumba atapiga marufuku mbwa wote uani, na chumba cha mbele kitarudi kwa mwenyewe.

Karani amelala juu ya mguu wangu ninapoandika. Umekufa ganzi tangu saa nane. Sijauondoa kwa sababu kalamu itaruka.

Safari hii sitakuwa na huruma. Nimechemsha mayai sita.